Walioacha Kiwanda Wakaenda Mlimani: Maoni Yetu Juu ya Sinema Moja



Jumapili moja baada ya mkutano wetu, mvua ilitukamata hapo Misiera. Kibanda cha video kilikuwa karibu, tukatoa kiingilio tukaingia pamoja na vijana waliokuwa wametoka vibarua vya mashamba ya ndizi. Tulidhani tutaonyeshwa mpira au sinema ya vita, kama kawaida. Kumbe siku hiyo mwenye kibanda alikuwa ameweka sinema ya zamani ya Marekani, Aspen Extreme, iliyotolewa mwaka 1993. Kijana mmoja alikaa karibu na spika akaifasiri kwa Kiswahili, kama vile mavijei wa Kampala wanavyofasiri kwa Kiganda.

Sinema ilipokwisha, mvua ilikuwa bado inanyesha, na watu wakaanza kubishana. Ubishi ule ulikuwa na mafunzo mengi kuliko sinema yenyewe. Ndiyo sababu tumeona tuuandike katika ukurasa huu.

Kwa wale ambao hawakuiona, habari yake kwa ufupi ni hii. Vijana wawili, T.J. na Dexter, wanaishi Detroit, mji wa viwanda vya magari. Wamechoka na maisha ya kiwanda. Wanapanda gari lao na kwenda Aspen, mji wa milimani katika jimbo la Colorado, ambako matajiri huenda kupumzika na kuteleza juu ya theluji. Mchezo huo ni wa nchi za baridi: mtu hufunga mbao mbili ndefu miguuni, akashika fimbo mbili, akateremka mlima kwa kasi. Tajiri asiyeujua hulipa ili afundishwe, na anayemfundisha ni mwajiriwa. Basi vijana wetu wanapata kazi hiyo ya ualimu.

T.J. anang'aa, na mwanamke mmoja tajiri anamchukua. Dexter mambo yanamwendea vibaya. Fedha hana, anaingia katika shughuli za dawa za kulevya, na urafiki wao unavunjika. Mwishoni wanapatana, lakini poromoko la theluji linawakuta mlimani na Dexter anakufa. T.J. anabaki kuandika habari za rafiki yake. Aliyeitunga na kuiongoza sinema hiyo, Patrick Hasburgh, aliwahi kuwa mwalimu wa kuteleza huko huko Aspen, kwa hiyo hakuandika mambo ya kusikia tu.

Sasa maoni ya watazamaji.

Vijana wengi waliwasifu wale wawili. Mmoja alisema, "Wamefanya vizuri. Mtu hawezi kuzeekea kiwandani. Bora uondoke ukajaribu bahati yako." Wenzake wakapiga makofi. Hatukushangaa, kwa maana vijana hao hao kila wiki wanaagana na mama zao, wanapanda taksi kwenda Mbarara kutafuta kazi katika viwanda vya maziwa, katika mahoteli, katika majengo, au kuendesha boda boda.

Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya chai hakukubali. Alisema, "Hao walikimbia. Wamewaacha wenzao kwenye mashine. Na kule walikokwenda wamekuwa watumishi wa matajiri." Vijana wakamzomea kidogo, kwa heshima.

Ndipo mama mmoja, ambaye hufua na kusafisha vyumba katika nyumba ya wageni, akauliza swali lililonyamazisha kibanda kizima: "Mahoteli yote yale tuliyoyaona, vitanda alitandika nani? Mbona hatukumwona hata mmoja?"

Mtu mmoja alijaribu kuumaliza ubishi kwa kusema kwamba sinema ni sinema tu, watu wapumzike. Hatukubaliani naye. Kijana akitazama sinema mara tatu, ataichukua kama ramani ya maisha yake. Ni lazima tumwambie ramani hiyo inaonyesha nini na inaficha nini.

Tuanze na Detroit. Sinema inakuonyesha kiwanda kama mahali pa kuchosha, na ni kweli kinachosha. Lakini haikwambii kwamba kazi ya magari kule ilikuja kuwa kazi yenye mshahara wa maana kwa sababu watu waliipigania. Chama chao cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilianzishwa mwaka 1935. Mwishoni mwa mwaka 1936 wafanyakazi wa General Motors katika mji wa Flint, karibu na Detroit, waligoma kwa namna ya pekee: hawakutoka nje, bali waliketi ndani ya kiwanda kando ya mashine, wakati wa baridi kali, kwa siku 44. Mwezi Februari 1937 kampuni ilikubali kuzungumza na chama chao. Mshahara ambao T.J. angeweza kuuacha kwa dharau ulinunuliwa na watu hao.

Tuje Aspen. Mji huo zamani ulikuwa wa machimbo ya fedha, yale madini meupe. Bei ya madini ilipoanguka mwaka 1893, mji ulikufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili tajiri mmoja wa viwanda kutoka Chicago, Walter Paepcke, aliufufua kwa biashara ya theluji. Siku hizi nyumba moja huko huuzwa kwa mamilioni ya dola. Wapishi, wafagiaji, madereva na walimu wengi wa mchezo hawawezi kupanga nyumba katika mji wanaoutumikia. Wanalala mbali bondeni na kupanda basi alfajiri. Wengi wao kazi ni ya msimu: theluji ikiyeyuka, na mshahara umeyeyuka. Hao ndio waliotandika vitanda, mama. Sinema haikuwa na nafasi yao.

Mambo hayo si ya Marekani peke yake. Hapa kwetu Uganda tunayo Kilembe, chini ya Rwenzori. Machimbo ya shaba yaliendesha mji ule tangu miaka ya 1950, mpaka kazi iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo wageni hupita Kilembe kwenda kuitazama theluji ya Rwenzori, na Wakonzo hubeba mizigo yao katika matope na baridi. Kule Tanzania, wapagazi wa Kilimanjaro kwa miaka mingi walibebeshwa mizigo ya kuvunja mgongo, wengine bila viatu vya maana wala mahali pazuri pa kulala. Ikabidi kuwe na kanuni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mizani ya kupimia mizigo langoni. Hata hivyo kanuni bila wapagazi wenyewe kusimama pamoja hupindishwa kila siku, kwa maana mwenye njaa hukubali kilo 30 akasema ni 20. Mlima ni mzuri kwa anayekwenda kuutazama. Kwa anayeubeba mgongoni ni kazi, na kazi ina bei yake.

Kuna habari nyingine ambayo wenye kibanda hawana. Katika mji wa Park City, jimbo la Utah, nao ni mji wa theluji, wapo walinzi wa mlima. Kazi yao ni kuokoa walioumia na kulipua theluji inayotaka kuporomoka kabla haijaua watu. Yaani wao ndio wanaopambana na kitu kile kile kilichomuua Dexter. Walinzi hao wapatao 200 walikuwa na chama chao. Tarehe 27 Desemba 2024, wakati wa sikukuu, mahoteli yamejaa wageni, waliweka vifaa chini wakagoma dhidi ya kampuni ya Vail Resorts. Sehemu kubwa ya mlima haikuweza kufunguliwa. Wageni waliolipa fedha nyingi walipanga foleni ndefu wakalalamika, na walimlalamikia mwenye kampuni. Tarehe 8 Januari 2025 mkataba ulipitishwa. Mshahara wa kuanzia ulipanda kutoka dola 21 kwa saa kufika dola 23, na wenye ujuzi wa miaka mingi walipata nyongeza kubwa zaidi.

Tunawauliza vijana wa Misiera: T.J. na hao walinzi, nani alishinda? T.J. alibadilisha mahali. Walinzi walibaki mahali pale pale wakabadilisha kazi.

Hatumlaumu mtu kwa kuondoka. Wengi wetu tunaoandika haya, wazazi wetu walivuka mipaka kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na wengine tulivuka wenyewe na vitu kichwani. Kuondoka kunaokoa roho. Na hali sasa inasukuma watu nje ya kambi. Mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani lilipungukiwa na fedha, na watu wapatao milioni moja katika nchi hii wakakatiwa msaada wa chakula. Mama ambaye jana alipokea mahindi leo lazima atafute kibarua, na mwenye shamba anajua hivyo. Anaijua njaa yako kabla hujafika mlangoni kwake, na bei anaipanga kwa njaa hiyo.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wenyeji wanasema, "Wakimbizi wameshusha malipo." Wakimbizi wanasema, "Wenyeji wanatufukuza kazini." Tumesikia maneno hayo Isingiro, tumeyasikia Mbarara. Ndugu, mkimbizi hana kalamu ya kuandika mshahara. Anayeushusha ni yule anayewaweka ninyi wawili mlangoni na kuuliza nani atakubali kidogo zaidi. Mkiwa wawili wenye sauti moja, hana swali la kuuliza.

Tunakumbuka kijana mmoja tuliyemfahamu, aliyekwenda mjini akapata kazi ya kupakia magunia. Hakuandikiwa barua yoyote. Siku magunia yalipomwangukia akavunjika mguu, msimamizi alisema hamjui. Wenzake waliogopa kutoa ushahidi. Sisi tulifika tumechelewa, hatuna karatasi hata moja ya kushika mkononi. Kijana alirudi kambini kwa fimbo. Huyo ndiye Dexter wetu, ila hakuna aliyeandika habari zake mpaka leo.

Sheria ya Uganda juu ya fidia inasema mfanyakazi akiumia kazini mwajiri anawajibika. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga na chama, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kuacha kazi kwa mgomo kwa kufuata sheria. Na kwa wale wanaodhani kwamba chama si cha mkimbizi: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na inamruhusu pia kujiunga na chama cha wafanyakazi. Imeandikwa. Msimamizi akikwambia vingine, ama hajui au anakudanganya.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Kima cha chini cha mshahara nchini kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo fedha hiyo hainunui chakula cha siku mbili. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya wa kima cha chini, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba serikali itatupangia mshahara wakati sisi tumeketi katika kibanda cha video. Kinachobaki ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, na mkataba huo hauandikwi na mtu mmoja.

Basi, kijana unayekwenda mjini, nenda na heri. Ila fanya mambo manne. Kwanza, kabla ya kushika kazi, omba maandishi. Ukinyimwa, andika mwenyewe katika daftari tarehe, kazi, malipo na jina la msimamizi. Pili, usikubali malipo kabla ya kuuliza waliokutangulia wanalipwa ngapi. Tatu, mwenzako akiumia, andika ulichokiona siku ile ile, na uwe tayari kukisema. Nne, mtafute mtu wa chama katika kazi hiyo. Akiwapo, jiandikishe. Kama hayupo, tuletee habari, tuje.

Na wewe mama uliyeuliza swali la vitanda, tunakushukuru mbele ya wasomaji wote. Wanaume tulikuwa tumeshughulika na mabingwa, wewe ukawaona wasioonyeshwa. Tunaomba uje katika mkutano ujao wa tawi uliseme swali hilo tena, kwa maana katika mahoteli ya Mbarara wako wengi wanaotandika vitanda na hakuna aliyewauliza kitu.

Umoja wa wafanyakazi, wenyeji na wakimbizi, udumu!