Siyo kabila, ni unga

Semista iliyopita, pale kimbwetani, jamaa mmoja wa kozi yetu aliniuliza kwa upole kabisa: "Samahani dada, hii ya mgongo wazi ipo sana kwenye kabila lenu?" Kumbe kaka yake anataka kuoa kwetu na wazazi wameingiwa na wasiwasi. Sikukasirika. Nimezaliwa nayo, natembelea magongo, na swali hilo nimeulizwa tangu shule ya msingi. Ila nimechoka kulijibu kwa kucheka.

Kule Marekani, wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini huzaa watoto wenye mgongo wazi kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu na Weusi. Ukiishia hapo utasema ni damu. Sasa angalia sahani. Tangu 1998 sheria ya kule inalazimisha asidi ya foliki iwekwe kwenye unga wa ngano uliorutubishwa, kwa sababu mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, mama mwenyewe hata hajajua. Watoto wa namna yetu wakapungua. Lakini unga wa mahindi wa kupikia tortilla, chakula cha kila siku cha watu hao, ukaachwa nje. Ruhusa ya kuuongezea ikaja 2016, tena kwa hiari. Jimbo la California likapitisha sheria ya kulazimisha mwaka 2024. Miaka 26! Wataalamu wanasema urithi nao unachangia, sikatai, ila urithi haukuzuia mtu kutia foliki kwenye unga.

Na sisi je? Kanuni za kurutubisha unga wa ngano na mahindi tunazo tangu 2011. Shangazi zangu lakini wanapeleka mahindi yao mashineni, debe kichwani, na pale hakuna anayeongeza kitu. Kwa hiyo ukisikia kabila fulani lina wagonjwa wengi, uliza kwanza wanasaga wapi, na hospitali ya upasuaji iko umbali gani.

Tuliobahatika kufika chuo tuna yetu. Natumia mpira wa mkojo kila baada ya saa tatu au nne. Nikichelewesha, figo ndizo zinaumia. Nilipokuwa mdogo kliniki ya watoto ilinijua kwa jina. Nilipofikisha miaka 18 nikaambiwa niende kwa wakubwa, na huko kila daktari ananianza upya. Boom likitoka, mipira kwanza, chipsi baadaye. Na hosteli yetu ina choo kimoja tu chenye komeo, ghorofa ya pili.

Serikali ya wanafunzi, mkikaa kwenye bajeti: choo kimoja cha chini, komeo, maji, na mahali pa kuweka mkoba.

Na wewe jamaa yangu, mwambie kaka aoe. Shemeji aanze vidonge vya foliki kabla ya mimba, miligramu 0.4 kwa siku.