Samaki Mbichi Hakunjwi kwa Fimbo



Leo tunaomba kuzungumzia jambo ambalo kila tukikaa harusini, msibani au barazani halikosi kuzuka, nalo ni la watoto wadogo wenye akili kali na msimamo wao. Tunaye mmoja nyumbani. Ana miaka miwili na miezi saba, na hapa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, karibu kila jirani ameshatupa ushauri juu yake. Wengi wanasema neno moja: mpigeni mapema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi hatukubali, na tungependa kueleza kwa nini.

Kwanza mumjue kidogo. Binti yetu ana maneno matatu ya kukataa. Sisi wazazi anatuambia "hapana", watoto wa jirani anawaambia "oya", na akitaka mjadala ufungwe kabisa anasema "non", kama dada yake anayesoma shule. Hakuna aliyemfundisha nani aambiwe lipi, amepima mwenyewe. Asubuhi lazima avae viatu kwa mkono wake. Cha kulia kinaingia mguu wa kushoto, na ukijaribu kumsaidia anavivua vyote viwili na kuanza upya, basi siku hizi tunamwamsha mapema kidogo ili viatu vipate muda wao. Chakula nacho ni hivyo hivyo. Ndagala na sombe anakula vizuri, lakini tonge la ugali amege mwenyewe. Ukimmegea, tonge hilo limeshaharibika, haliingii kinywani hata ubembeleze mpaka jioni.

Je, huu ni ukaidi? Ndugu msomaji, mkaidi ni mtu anayeweza kujizuia akaamua asijizuie. Mtoto wa umri huu bado hajafika hapo. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayomsaidia mtu kungoja, kupima na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini. Huyu wa miaka miwili anajua sana anachotaka, maneno ya kukieleza bado hayamtoshi, na breki za kujisimamisha hana. Ndiyo maana anagaagaa chini kwa sababu mkate umekatwa vipande viwili naye aliutaka mzima. Na mara nyingi, tukichunguza, mkate hauna kosa, ni usingizi tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, limesema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, ukihesabu na usingizi wa mchana. Sasa mpeleke harusini mpaka saa sita za usiku, spika zikipiga kelele masikioni mwake, halafu kesho yake useme mtoto ana shetani!

Msidhani kwetu kila kitu ni ruhusa. Yapo makatazo, ila ni machache: mbabula ikiwa na makaa, mfereji ulio wazi nje ya kiwanja, barabara, na chupa yoyote ambayo hakupewa na mtu wa nyumbani. Wanaoijua Buyenzi wanajua barabara zetu ndizo gereji zenyewe. Mafundi wanatengeneza magari mlangoni kwa mtu, na gari linarudi nyuma bila dereva kuona kilicho chini ya kioo chake. Hapo hatubishani naye. Tunambeba, anapiga kelele, tunaingia naye ndani, na jibu la leo ndilo la kesho. Mengine yote tunampa nafasi: gauni jekundu au la kijani, kuoga kabla ya kula au baada ya kula. Mtoto anayeambiwa "hapana" mara hamsini kwa siku, ile ya hamsini na moja, ya barabarani, ataisikiaje?

Tuseme zaidi kuhusu hizo chupa, maana hapa ndipo fimbo inapoleta hasara kubwa. Katika miaka ya karibuni tumeona uhaba wa mafuta hapa Burundi, na watu wameweka petroli majumbani, nyingine katika chupa za maji ya kunywa, kama ilivyokuwa siku zote kwa mafuta ya taa. Mtoto mwerevu anajua kufungua kifuniko. Akinywa, asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe kitu ili atapike, kwa sababu mafuta yakirudi juu huingia mapafuni na kuyaunguza. Apelekwe hospitali upesi, na ile chupa ichukuliwe. Daktari atauliza: amekunywa nini, saa ngapi? Anayejua ni mtoto mwenyewe, au kaka yake mwenye miaka mitano aliyemwona. Katika nyumba ya fimbo wote wawili watajibu kwamba hawajui. Sisi tunataka mtoto akivunja, akimwaga au akimeza kitu, atukimbilie sisi, asikimbilie uvunguni mwa kitanda.

Lipo na lingine ambalo barazani tunaona haya kulitaja. Mtoto aliyefundishwa kwa kipigo kwamba kila mtu mzima ni wa kutiiwa hana neno la kusema siku mtu mzima mbaya atakapomwita pembeni. Kwa sababu hiyo, binti yetu akikataa kupakatwa na mgeni, hatumlazimishi. Salamu atatoa, hiyo ni adabu na hatuiachi, lakini shavu lake ni lake. Jambo hili limetuletea maneno na bibi yake, mama mzaa baba, ambaye anasema tunalea kizungu. Tunamheshimu sana, na kwa kweli huyo mtoto anampenda bibi yake kuliko anavyotupenda sisi, lakini hapa hatujarudi nyuma.

Wengine hutuletea dini. Tuwaulize kwa upole: hadithi inayojulikana juu ya kuwafundisha watoto swala inataja miaka saba, na fimbo haitajwi humo mpaka miaka kumi. Katikati kuna miaka mitatu ya maneno matupu. Huyu wa miaka miwili anaingia wapi? Na ni Mtume wetu (s.a.w.) aliyerefusha sijda kwa kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni naye hakupenda kumharakisha, na aliyeswali amembeba Umama, binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama. Wetu hupanda mgongoni kila Magharibi, kisha huondoka na tasbihi.

Majirani wana haki yao pia. Tunakaa nyumba nne katika kiwanja kimoja, na mtoto akilia saa nzima analia kwa wote, mgonjwa na aliyetoka kazini usiku. Wanaotuambia tumnyamazishe wana haki ya kuchoka. Tena malezi ya namna hii yana gharama, na mara nyingi anayelipa ni mama. Baba anayejisifu kwamba yeye hapigi, na huku ametoka alfajiri akarudi baada ya Isha mtoto amelala, bado hajaanza kulea. Kwetu tumegawana: kuoga na kulaza ni kwa baba, na mama akisema amechoka, amechoka, haulizwi sababu.

Mwakani inshallah ataanza madrasa. Tumeshakwenda kwa maalimu kumwomba asimguse kwa fimbo. Alicheka, akatuuliza, "Na nikimwita asipokuja?" Tukamwambia ampe kazi ya kugawa juzuu kwa wenzake, atakuja kabla ya kuitwa. Maalimu amekubali kujaribu mpaka Ramadhani, kisha tutakaa tena tuzungumze.