Kiti Kimoja Hakitoshi!

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mwaka 1969 Bi. Grace Onyango alichaguliwa mbunge wa mji wa Kisumu, mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa bungeni. Hakutengewa kiti, alishindana na wanaume akawabwaga.

Katiba ya 2010 ilileta viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, kimoja kila kaunti. Ni jambo jema. Lakini siku hizi mama akitaka ubunge wa eneo huambiwa, "Si nyinyi mna kiti chenu? Hiki tuachieni." Ati ngazi waliyopewa wapandie imegeuzwa ua la kuwazuia! Mbona basi mwaka 2022 kaunti 7 zilichagua magavana wanawake, na ugavana hauna kiti kilichotengwa?

Wanafunzi wenzangu, baada ya miaka miwili hivi wengi wetu tutapata vitambulisho. Mtu akikwambia kiti fulani ni cha wanaume, mwulize kimeandikwa wapi. Nanyi wasichana, msingoje kutengewa. Nendeni debeni, kura ziamue!