Somo la Mionzi Lisiwatishe Wazazi



Mama mmoja hapa Dzaleka aliambiwa ampeleke mwanawe Lilongwe akapigwe eksirei ya kifua. Akasita siku kadhaa. Alikuwa amesikia kwamba mionzi ndiyo iliyoua watu kwa bomu kule Japani, na kwamba ikishaingia mwilini haitoki tena. Aliyemtoa hofu ni binti yake wa sekondari, aliyekuwa ameanza kusoma mada hiyo kwenye fizikia. Alimweleza kuwa eksirei inatoka kwenye mashine ya umeme; mashine ikizimwa mionzi imekwisha, haibaki mwilini. Mtoto akapelekwa, akapigwa picha, akaanza dawa.

Kwa hiyo hatukubaliani na wazazi wanaouliza, "Mtoto wa mkimbizi atafanya nini na mambo ya nyuklia?"

Somo lenyewe si la kutisha. Ndani ya kila atomu mna kiini. Viini vingine si imara, huvunjika vyenyewe na kutoa mionzi. Hali hiyo, iitwayo unururifu, aliigundua Henri Becquerel wa Ufaransa mwaka 1896 alipokuwa akichunguza urani. Hakuna ajuaye kiini kipi kitavunjika sasa hivi, lakini vikiwa vingi, muda wa nusu yake kuvunjika unajulikana. Muda huo ndio nusumaisha. Iodini-131, ambayo hospitali hutumia kutibu maradhi ya tezi ya shingoni, nusumaisha yake ni siku 8. Urani-238 ni miaka bilioni 4.5 hivi.

Jaribuni nyumbani. Chukueni maharage 100, kila moja litieni alama ya kalamu upande mmoja. Yatikiseni ndani ya bakuli, myamwage mkekani, kisha ondoeni yote ambayo alama imetazama juu. Yatabaki kama 50. Rudieni, yatabaki kama 25, kisha 12 au 13. Andikeni hesabu kila mara. Hapo mtoto wa darasa la sita ataelewa jambo ambalo wakubwa wengi linawashinda, na maharage yataingia chunguni jioni.

Tena somo hili linatoka kwenye ardhi yetu. Wengi wetu tumetoka Kongo. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Waliochimba hawakuambiwa inakwenda kufanya kazi gani. Miaka mingi baadaye watu waliendelea kuingia pale kutafuta kobalti kwa sululu na mikono mitupu, mpaka mgodi ukaporomoka na kuua mwaka 2004. Na hapa Malawi, mgodi wa urani wa Kayelekera, wilayani Karonga, ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukasimama 2014, ukaanza tena 2025.

Yule mama aliogopa kisichomdhuru. Wachimbaji wale waliingia kwenye hatari wasiyoelezwa. Wote walikosa kitu kimoja, nacho ni elimu. Je, tunataka watoto wetu wawe wabebaji wa magunia tu, au wawe pia wale wanaopima mionzi na kusema hapa pana usalama, hapa hapana?

Neno la mwisho ni kwa wazazi wa mabinti. Marie Curie, aliyegundua radi na poloni pamoja na mumewe mwaka 1898, alizaliwa Polandi ikiwa chini ya utawala wa Urusi, mahali ambapo chuo kikuu hakikupokea wanawake. Alihamia Ufaransa mwaka 1891 ili asome. Binti anayesoma mbali na nchi ya wazazi wake si jambo geni duniani.

Basi mtoto akirudi na daftari la fizikia, tusimpe kwanza ndoo ya maji. Tumuulize amejifunza nini leo, na tumsikilize.