MAAFA HAYANGOJI KIKAO

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na kiwanja cha ndege cha Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43. Waliookoka ni 24, na 19 walifariki dunia. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, ambao hawakuagizwa na mtu yeyote. Baadaye wananchi walishika kamba kwa mikono yao wakaivuta ndege kuelekea ufukoni.

Taifa zima liliwasifu wavuvi hao, nasi twawasifu hata leo. Lakini sifa isitusahaulishe swali lililo gumu. Je, katika mpango wa mkoa wa kukabili ajali ya majini, wavuvi hao walikuwa wameandikwa wapi? Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ilichelewa, na kwamba hewa ya wazamiaji na mafuta ya chombo havikutosha. Hatuyataji haya ili kumlaumu askari aliyekuwa zamu siku ile. Mtungi wa hewa hujazwa kabla ya ajali, tena hujazwa na mtu aliyeambiwa waziwazi kwamba kazi hiyo ni yake.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa na mkoa hata kijiji. Sheria hiyo ni njema. Hatari twaiona kwingine: kiwanja cha ndege huwa na mpango wake, polisi wao, zimamoto wao, hospitali yake na bandari yake, na kila mmoja ni mzuri ukiusoma katika jalada lake. Siku ya maafa mipango hiyo hukutana kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wanaozama. Mwenye boti hajui wazamiaji wako wapi. Daktari hajaambiwa atarajie majeruhi wangapi. Na kila mkubwa anangoja mkubwa mwenzake aseme neno.

Wako watakaosema kuwa vikao vimezidi. Ni kweli vimezidi, nasi tumeketi katika vingi ambavyo chai ndiyo jambo pekee lililokamilika. Tunachokitaka ni idara zikubaliane mapema juu ya jambo moja zito: nani ataamuru, na nani atatii.

Wazee wa Kagera na Mwanza hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilibaki ikielea tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu walio hai. Bamba la chuma likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, na meli ikazama pamoja nao. Mamia ya ndugu zetu walipotea katika ajali ile. Waliotoboa walitaka kuokoa, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka. Lakini ujuzi wa meli iliyopinduka haupatikani kwa kubahatisha juu ya mgongo wake. Mjuzi wa kusema "ngojeni" hana budi ajulikane jina na mahali alipo kabla chombo hakijang'oa nanga.

Kwamba jambo hili lawezekana, mkoa huohuo wa Kagera umekwisha kutuonyesha. Septemba 2022 Uganda ilitangaza Ebola, na watumishi wa afya wa upande wetu wa mpaka wakaanza kujiweka tayari. Machi 2023 ukaja ugonjwa mwingine, Marburg, katika Wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walikufa, akiwamo mtumishi wa afya aliyekuwa kazini. Ugonjwa haukuvuka kwenda mikoa mingine, na tarehe 2 Juni ulitangazwa kwisha. Sisi hatuamini kwamba hiyo ilikuwa bahati tupu.

Basi kamati ya mkoa na iwaite wavuvi wa mialo yote, waketi mezani kama wajumbe wenye neno, wala si wasikilizaji wa nyuma ya ukumbi. Iwaite makuli wa bandarini, madereva wa magari ya wagonjwa na wapokea simu za dharura, maana hao ndio watakaotenda. Iwaalike Mwanza na Geita pia, kwa kuwa mawimbi hayajui mpaka wa mkoa. Kisha majaribio yafanywe ziwani kwenyewe, na mara moja yafanywe usiku. Wanachama nao wana sehemu yao: balozi wa shina ndiye ajuaye nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea, na tetemeko la Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi za Kagera, lilionyesha faida ya kujua hivyo.

Na mjumbe wa kamati yoyote ya maafa asomaye maneno haya, tunamwomba aulize leo kabla ya jioni kama mitungi ya wazamiaji imejaa, na ufunguo wa chumba ilimowekwa unakaa kwa nani.