Umemshangilia Jane. Na Bertha je?

Kama hujafika sura ya 26 ya Jane Eyre, weka makala haya kando kwanza, nitakuharibia utamu. Umefika? Sawa, tuongee.

Charlotte Brontë aliitoa riwaya hii mwaka 1847. Haki za uchapishaji zilishaisha zamani, kwa hivyo inapakuliwa bure na bando dogo linatosha, hata ukiwa Habaswein, mji ambao jina lake kwa Kisomali ni vumbi jingi. Umekaa na simu, na kwenye jumba la Thornfield kuna mtu anacheka usiku. Unaambiwa ni Grace Poole, mfanyakazi. Kitanda cha Rochester kinashika moto: Grace. Mgeni anang'atwa usiku wa manane: Grace tena! Ulishaanza kumchukia huyo mama bure. Halafu siku ya arusi, mbele ya kasisi, wakili anasema bwana arusi tayari ana mke, yuko hai, amefungiwa ghorofa ya tatu. Kwa taharuki, riwaya za kigothiki, zile za majumba ya kale na siri zake, ni chache zinazoifikia hii.

Lakini ulipomwona huyo mke, Bertha Mason, ulihisi nini? Wengi wetu tuliolelewa kwa hadithi za ayeeyo tulimwona Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu. Brontë mwenyewe anatusukuma huko, anamchora akitambaa kama mnyama. Na Dhegdheer akifa nani hulia? Kwa hivyo Bertha alipolichoma jumba na kujirusha kutoka juu ya paa, tulishusha pumzi: sasa Jane ataolewa.

Hapo tulikimbia mno. Dhegdheer ni zimwi, Bertha ni mgonjwa. Ni binti wa watu kutoka Jamaica, aliyeolewa akiwa na pauni 30,000 za baba yake (kwao mali ilitoka upande wa bibi arusi, usishangae). Rochester analalamika kwamba wazee walimficha ukweli. Huenda, lakini hatusomi popote kwamba pesa zilirudi. Na Bertha mwenyewe hatumsikii akizungumza. Ni kicheko na mngurumo tu, na neno moja mawili kupitia kinywa cha kaka yake. Ilibidi tungoje hadi 1966, Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alipomwandikia kitabu chake, Wide Sargasso Sea, na kumpa jina lingine, Antoinette.

Jane naye alijua kufungiwa. Sura ya 2, bado mtoto, anatiwa kwenye chumba chekundu hadi anazimia. Ndiyo maana sura ya 27 ndiye anayemwambia Rochester kwamba ni ukatili kumchukia mtu kwa ugonjwa asiouchagua. Wengi huipita sentensi hiyo wakikimbilia mapenzi.

Mbona nalivalia njuga jambo la kitabu cha Wazungu? Kwa sababu chumba cha Bertha tunakijua. Kuna boma lina chumba cha nyuma ambako wageni hawaelekezwi, na ukiuliza unaambiwa ni jini, basi, kunywa chai. Sisemi familia hizo ni katili. Nyingi zina hofu, zimechoka, na hospitali ya Mathari iko Nairobi, safari ndefu na ghali. Rochester pia alijitetea hivyo, kwamba nyumbani ni afadhali. Tofauti ni kwamba sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inazitaka kaunti zitoe huduma hizi, kwa hivyo kuuliza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe si kuomba fadhila.

Hebu irudie sura ya 26 leo jioni, polepole, ukimtazama Bertha badala ya Jane. Kisha muulize ayeeyo yule wa chumba cha nyuma anaitwa nani, na alikuwa mtu wa aina gani kabla hajaugua.