Nyaya za plagi: gharama ndogo inayookoa mzigo mkubwa

Masika yanapoanza, gereji nyingi za miji midogo hupokea ugonjwa wa aina moja. Pikapu ya petroli iliyolala nje usiku haitaki kuwaka asubuhi. Ikiwaka inatetemeka, na ikikutana na kilima huku imebeba mzigo, inamisi na kukosa nguvu. Mwenye gari anaambiwa kabureta ni chafu. Inafunguliwa, inasafishwa, analipa. Jua likishapanda gari linatulia, naye anaamini tiba imepatikana. Mvua ya siku ya pili inamrudisha palepale.

Katika magari ya zamani yenye distributa, mara nyingi kabureta husingiziwa tu. Mchawi ni nyaya za plagi, kitu ambacho wenye magari wengi hawakikumbuki mpaka siku gari linapozima njiani.

Kwa mkulima wa Lushoto anayeteremsha kabichi na karoti hadi Mombo, au mchuuzi anayetoa nyanya shambani kupeleka mnadani, hili si suala la mafundi peke yao. Nyanya hazingoji spea. Anayefika sokoni mapema huulizwa bei anayotaka, lakini anayefika jua likiwa la utosi hupangiwa bei na dalali. Gari likizima kwenye kona za mlimani, hasara huweza kuwa kubwa kuliko ya mzigo.

Betri ya gari ina volti 12 tu. Koili huukuza umeme huo hadi kufikia volti 10,000, 20,000 au zaidi, distributa huugawa kwa zamu, na nyaya huufikisha kwenye plagi. Umeme wenye nguvu kiasi hicho hutafuta njia ya mkato. Mpira wa waya ukipasuka kwa joto, ukilainishwa na oili inayovuja au ukitafunwa na panya, cheche hurukia kwenye chuma cha injini. Umande na mvua hurahisisha kuvuja huko, ndiyo maana gari hugoma alfajiri na kutengemaa mchana.

Uchakavu mwingine hauonekani kwa nje. Nyaya nyingi hazina shaba katikati, bali uzi wenye kaboni unaosaidia kuzuia mikwaruzo redioni. Uzi huo hukatika kirahisi fundi anapochomoa plagi kwa kuvuta waya badala ya kushika kofia yake ya mpira.

Silinda moja kati ya nne isipowaka, petroli yake hutupwa nje kupitia ekzosi, na nyingine huteremka na kuifanya oili kuwa nyepesi, jambo linaloharakisha kuchakaa kwa injini. Chukua mfano wa pikapu inayokwenda sokoni mara tatu kwa wiki na kupoteza lita moja ya ziada kila safari. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 150. Mwenye gari azidishe lita hizo kwa bei ya petroli ya kituo chake, kisha aulize dukani bei ya seti moja ya nyaya. Hapo ataona mwenyewe kipi ni ghali, na bado hajahesabu mzigo uliooza.

Wapo wanaosema gari linalotembea lisiguswe, na kwamba ukiharibika waya mmoja ununuliwe huo mmoja. Hoja hiyo inaeleweka, kwa sababu fedha ya mkulima huja kwa msimu. Lakini nyaya zilizofungwa siku moja zimepita kwenye joto moja na vumbi moja. Mmoja ukifa, wenzake wako njiani. Waya uliong'olewa kwenye gari lililokufa nao huenda umekwisha kula umri wake. Rahisi ni ghali. Dawa ya fedha ya msimu ni kupanga: seti nzima inunuliwe baada ya mavuno, wakati fedha ipo, na ifungwe kabla ya mvua.

Kabla ya kununua chochote, kwanza ipimwe. Njia ya kwanza haina gharama. Usiku, gari likiwa nje na injini inanguruma, boneti ifunguliwe pasipo taa. Waya unaovuja mara nyingi huonyesha cheche za bluu au hutoa mlio wa kudonoadonoa. Anayetazama asiguse waya wowote, kwa kuwa umeme huo hurusha mtu na ni hatari zaidi kwa mgonjwa wa moyo.

Njia ya pili ni mita ya umeme, baada ya injini kuzimwa na waya kuchomolewa. Vitabu vya matengenezo vya magari mengi ya Toyota ya zamani huweka kikomo cha ohmu 25,000 kwa kila waya. Unaozidi hapo, au ambao mita haisomi kitu, umekwisha. Kikundi cha wakulima wenye magari kinaweza kuchanga na kununua mita moja ikatumiwa na wote.

Wakati wa kubadilisha, utolewe waya mmoja na kufungwa mpya wenye urefu uleule, kisha uendewe mwingine. Zikichomolewa zote kwa pamoja ni rahisi kuchanganya. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na nyaya zikipishana gari hupiga mashuti au halitawaka kabisa. Nyaya mpya zirudishwe kwenye vishikizo vyake, mbali na ekzosi, na oili inayovuja izibwe kwanza, la sivyo seti mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Si kila gari linalomisi lina tatizo la nyaya. Plagi, rota na kofia ya distributa navyo huchakaa, na injini ya dizeli haina nyaya hizi kabisa. Ndiyo sababu mafundi wanapaswa kuacha tabia ya kubahatisha kwa fedha za mteja. Fundi anayefungua kabureta kabla ya kupima waya anauza kazi isiyohitajika, na mteja ana haki ya kumwambia apime kwanza, tena mbele ya macho yake.

Mkulima hasubiri jembe likatike ndipo akumbuke mpini. Gari linalompeleka sokoni nalo ni zana ya kazi. Nyaya zake zikaguliwe kila plagi zinapobadilishwa, na bei ya seti mpya iwekwe kwenye hesabu ya msimu pamoja na mbolea na mbegu.